Askari Kumi na Watatu wa Mninga

Arusha, 14 Februari 1994

Baba mdogo Anselm,

Shikamoo. Sisi huku tunaamka salama. Mjukuu wako Yasinta aliugua surua wiki mbili, sasa imempita ila kikohozi bado. Mkweo Innocent yupo tu nyumbani. Kile kiwanda kimepata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya amekuja na watu wake. Anashinda akitengeneza redio za majirani. Tunasikia mvua imewanyima huko. Je, mtama umeota? Na mguu wako unaendeleaje?

Sasa nikueleze la dukani. Wale askari wa zamani za Mjerumani uliowachonga, mzee Manase aliwaweka dirishani, na hawakukaa siku tatu. Aliwachukua mtu mmoja wa Denmaki, Bwana Osvald. Nilidhani anawapelekea wajukuu. Kumbe yeye na wenzake ni watu wazima wanaokusanya askari wa kuchezea. Wana kabati za vioo, wana chama, wana hata gazeti lao dogo. Hakuna mtoto anayeruhusiwa kugusa.

Ameniandikia. Gazeti lao liliwauliza wanachama wangependa kuona askari gani wapya miaka inayokuja, akanikatia majibu yaliyotaja kazi yako. Nimekaa na kamusi jioni tatu. Mmoja anasema amechoka na walengaji wa bunduki, anao mia sita. Anataka mpishi na sufuria yake. Mama mmoja anauliza mbona majeshi yote ya kabatini hayana wanawake waliobeba maji. Mwingine anataka askari waliochoka, wamekaa chini, viatu wamevua. Wote wanaomba kimo kiwe kimoja, urefu wa kidole cha kati, ili wasimame pamoja na wale wa madini ya risasi walio nao tayari. Kitako kiwe kinene wasianguke.

Lakini lililorudiwa na wengi ni hili: vita ambavyo hakuna aliyewahi kuvichonga. Bwana Osvald ametaja vita yetu ya Kagera. Alipopita tena dukani nikamwambia fundi mwenyewe alikwenda, yeye na kaka yake, na kaka yake ndiye baba yangu. Aliniangalia kwa heshima mpaka nikaona aibu.

Baba mdogo, utawachonga?

Mwanao,
Febronia

---

Sepuka, 20 Machi 1994

Mwanangu Febronia,

Marahaba. Barua yako ilikaa mjini mpaka Mwalimu Ezekieli alipokwenda kufuata mshahara. Pole kwa Yasinta. Mchemshieni mwarobaini anawe, msimpe kunywa. Innocent mwambie asikae sana na redio, macho huisha.

Mvua ilinyesha siku nne za Januari, ikaondoka. Mtama umefika magotini na umesimama hapo, unatuangalia. Alizeti ni nafuu kidogo. Zamani tuliipeleka ushirika. Siku hizi anakuja mtu na lori, anasema bei akiwa hajazima injini, ukitafakari anaondoka. Karakana yetu ya ushirika tuliyokuwa tunatengenezea madawati imegeuzwa ghala lake. Randa zangu mbili zimo humo ndani. Nimeziomba, wananiambia ufunguo uko Dodoma.

Mguu ni ule ule.

Nafurahi wazee wa Denmaki wamependa kazi. Huyo anayetaka mpishi ana akili. Nitachonga mpishi, na wapagazi wa Mjerumani wenye mizigo, hao baba yangu alituhadithia. Wanawake wenye maji pia nitachonga. Mninga mkavu ninao, kipande cha mzinga wa nyuki uliopasuka.

Mama yako sijamwona tangu mazishi ya jirani yake Simeoni. Mwankoko si mbali lakini sina safari za huko. Msalimu ukimwandikia.

Baba yako mdogo,
Anselm

---

Arusha, 9 Aprili 1994

Baba mdogo,

Shikamoo. Yasinta amepona, anakimbia. Nimepokea barua yako nikaisoma mara mbili nikitafuta jibu la nilichouliza. Halimo. Umejibu mguu, umejibu redio, umejibu hata randa.

Samahani kwa kusema hivi, wewe ni baba yangu. Lakini nina miaka ishirini na nne, na ninachojua kuhusu kifo cha baba ni sentensi moja ya kwenye karatasi: ameuawa akipambana na adui. Mama nikimwuliza anaingia ndani kutafuta kitu. Wewe nikikuuliza unakwenda kuangalia nyuki. Nilikuwa na miaka tisa alipokufa. Namkumbuka mgongo, akiondoka. Picha yenyewe tuliyonayo ni ile ya kitambulisho, imeliwa na mende upande wa mdomo.

Sitaki kukuuliza maneno. Nataka umchonge. Urefu wa kidole cha kati, kama wengine. Wazungu watapata askari wao wa Kagera, na mimi nitamwona baba amesimama kabla hawajamchukua.

Mwanao,
Febronia

---

Arusha, 18 Juni 1994

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena. Boksi limefika. Dereva Mazengo alilileta mwenyewe dukani Jumanne, limefungwa kwa kamba ya katani, halina hata kijikaratasi ndani. Nikasema huyu ndiye Anselm, anatuma watu kumi na watatu bila salamu.

Tuliwapanga juu ya meza. Baba mdogo, sijawahi kuona mkono wa namna hii. Mpishi anayepuliza moto mashavu yamevimba. Yule mwenye kuharisha, ameshikilia suruali. Wawili wamelala wamefunikana koti moja. Mzee wa kijiji anawaangalia wanajeshi wakipita, hata hajui afurahi au akimbie. Mwanamke na ndoo. Hakuna hata mmoja anayepiga bunduki. Manase alisema hawatauzika. Bwana Osvald alikuwa mjini, akaja siku hiyo hiyo, akawatazama mmoja mmoja kwa kioo cha kukuzia. Kisha akawachukua wote.

Na yule mwenye cherehani kichwani! Mikono yote miwili juu, anacheka, amevaa kofia ya mgambo chini ya mzigo. Tulicheka wote dukani. Manase alisema huyu ndiye Mtanzania kamili, amekwenda vitani karudi na mtaji. Bwana Osvald alimfunga peke yake kwenye leso yake.

Ninalo swali moja. Nilitafuta baba ni yupi. Nilidhani ni yule mrefu anayesoma barua, nikamshika mkononi kidogo kabla hawajaondoka. Ni yeye?

Mwanao,
Febronia

---

Sepuka, 21 Juni 1994

Mwanangu,

Nadhani boksi nililompa Mazengo limefika. Barua hii nilitaka iende nalo. Niliandika tatu nikazichana, basi likawa linaondoka, nikampa boksi tu. Hii ni ya nne. Mwalimu Ezekieli ataipeleka posta mjini. Naomba usimtoe mtu yeyote katika boksi lile mpaka umalize kusoma.

Huku si wazima sana. Ng'ombe wawili wamekufa kwa kukosa majani. Mtama nimeukata ukiwa mbichi nikawapa waliobaki. Hayo yatapita.

Uliniambia hutaki maneno. Lakini sanamu bila maneno utaicheka.

Baba yako ni yule mwenye cherehani.

Ulikuwa umepita mwezi mzima tangu tuvuke mpaka. Tuliingia katika mji mmoja mdogo ambao watu wake walikuwa wamekimbia, milango wazi, chakula kimeoza mezani. Tulikatazwa kuchukua kitu cha mtu, na wengi walitii. Wengine hawakutii. Tulipewa lindo, mimi na kaka, ukingoni mwa mji, na ng'ambo ya shamba la migomba palikuwa na nyumba ya fundi nguo. Cherehani ilionekana barazani, nyeusi, maua ya dhahabu ubavuni.

Kaka aliitazama siku mbili. Siku ya tatu asubuhi akasema, "Ile ingemfaa mtu fulani."

Nikamwambia, "Si uende? Lindo nitashika mimi."

Akasema, "Tumekatazwa, Anselm."

Nikamwambia, "Mwenyewe harudi. Ataichukua mwingine jioni." Hivyo ndivyo nilivyosema. Nikamwona bado amesimama, nikaongeza, "Wewe kaka umekuwa mwoga lini?"

Alikwenda. Aliing'oa kwenye meza yake, akajitwika ile cherehani yenyewe bila meza, akarudi katikati ya migomba. Aliponiona akaanza kucheka, mikono yote miwili juu. Hapo ndipo alipokanyaga. Lilikuwa bomu la kutegwa ardhini. Hapakuwa na adui, hapakuwa na mapambano. Palikuwa na ndizi na mimi.

Cherehani iliangukia majani ya migomba. Haikuvunjika. Rangi tu ilibanduka upande mmoja.

Mkubwa wetu alikuwa mtu wa huruma. Alisema hawezi kumwandikia mjane jambo kama hili, akaandika yale uliyosoma. Mimi niliitia cherehani kwenye gunia. Tuliporudi niliipeleka Mwankoko, nikamwambia mama yako kuwa kaka Yeremia aliinunua kwa posho yake kabla hajafa. Aliipokea. Hakuuliza hata neno moja. Nilijua kwamba amejua. Tangu siku hiyo hajanitazama usoni, na mimi sijamlaumu.

Sare yako ya kwanza ya shule ilishonwa nayo. Na nguo za watu zilizokusomesha mpaka kidato cha nne, ndiyo hiyo hiyo. Kila ulipofaulu nilifurahi, kisha nikaenda kwenye nyuki.

Nimemchonga anavyocheka kwa sababu ndivyo nilivyomwona mwisho. Mchukue, mweke unapotaka, au mchome. Wengine kumi na wawili wape wazee wa Denmaki.

Anselm

---

Sepuka, 30 Julai 1994

Mwanangu Febronia,

Barua zetu zimepishana njiani. Yako ya tarehe kumi na nane nimeipata jana. Nimesoma mlivyocheka. Sikulaumu, nilimchonga akicheka, mwenye kumwona atacheka naye.

Yule mrefu anayesoma barua si mtu. Nilibakiwa na kipande cha mti.

Nasubiri neno lako, hata kama ni baya.

Anselm

---

Sepuka, 11 Septemba 1994

Mwanangu,

Mwalimu Ezekieli amekwenda posta mara mbili, amerudi mikono mitupu. Serikali imeleta mahindi ya njaa, tumepanga foleni na tumepata. Nakueleza ili usidhani tumekufa. Kama Yasinta anaumwa niambie. Kama ni mimi, basi.

Anselm

---

Mwankoko, 16 Oktoba 1994

Baba mdogo,

Shikamoo. Utaona juu kuwa nimeandikia Mwankoko. Nimekuja na Yasinta wiki ya pili sasa. Sikukujibu kwa sababu kila nilipoanza niliona ile meza ya dukani, na mimi nimeshika tumbo nacheka.

Nilimwandikia Bwana Osvald kumwomba amrudishe. Nilimweleza kila kitu kwa Kiingereza changu. Alijibu kwa upole sana. Anasema amelia. Anasema pia kuwa hawezi kumrudisha kwa kuwa si wake tena. Alimpeleka kwenye maonyesho ya chama chao na mtu akambadilisha na jeshi zima la Warusi wa risasi. Halafu, katika barua hiyo hiyo, ukurasa wa pili, ananiambia kwamba wanachama walipigia kura askari wanayemtaka zaidi katika toleo lijalo. Mwenye cherehani ameshinda. Wanaomba ishirini na wanane kama yeye. Mmoja tu alilalamika kwamba bunduki yake haionekani.

Hapo ndipo nilipopanda basi nikaja kwa mama.

Nilimkuta anashona. Cherehani ile ile, baba mdogo. Nilisimama mlangoni nikaangalia pale rangi ilipobanduka. Nikamsomea barua yako yote, sikuruka. Hakusimamisha mguu mpaka nilipofika kwenye migomba. Kisha alisimamisha.

Akasema, "Amesema yeye ndiye aliyemtuma?"

Nikasema, "Ndiyo mama."

"Miaka kumi na mitano anasema hivyo?"

"Hakuwahi kusema. Ndiyo kwanza anasema."

Akatoa kitambaa chini ya sindano, akakikunja, akakikunjua. Ndipo akaniambia. Nakuandikia kama alivyosema.

"Mimi ndiye niliyemtuma. Mke wa Philipo wa hapo chini aliletewa redio na mumewe, akaiwasha ikasikika mpaka barabarani. Na mimi nikamwandikia baba yako. Nikamwambia wenzako wanaleta, wewe utaleta nini? Nikamwambia cherehani ingenifaa. Niliitaja kwa jina. Hakujibu. Halafu akaja Anselm na gunia, akalifungua hapa nilipokaa. Nikajua barua yangu ilikutwa mfukoni mwa maiti, na yeye ameisoma, na ameniletea nilichoagiza. Ningemtazamaje usoni?"

Nikamwuliza kwa nini aliendelea kuitumia. Akasema, "Ungevaa nini?"

Baba mdogo, sijui nimkasirikie nani. Nilikuwa na hasira nyingi ndani ya basi nikakuandalia wewe, na sasa naona haina pa kukaa. Mama hajala vizuri siku tatu. Jana aliniuliza kama huyo wa mti alifanana naye kweli. Nilimwona dakika chache tu, na nilikuwa nacheka.

Njoo.

Febronia

---

Sepuka, 4 Desemba 1994

Mwanangu Febronia,

Nadhani mmefika Arusha salama na Yasinta amezoea tena baridi. Huku mvua imeanza kwa kuogopa. Tumepanda uwele. Mwalimu Ezekieli amehamishiwa Iramba, kwa hiyo barua zako zipitie kwa katibu wa parokia.

Ulipoondoka Mwankoko mimi nilibaki siku nne zaidi, kama ulivyoniacha. Ulipokuwepo tuliongea kwa ajili yako. Ulipoondoka tulinyamaza. Nilimwambia mama yako jambo moja tu, kwamba barua yake sikuiona. Shati la kaka lenye mfuko halikuwepo tena. Akanipa chakula, mlenda na ugali, akakaa kula na mimi. Hatukusameheana kwa maneno. Sijui hata nani angeanza.

Asubuhi yake akaniambia, "Nichongee na mimi nimwone."

Nilikuwa na tezo na visu, mti sikuwa nao. Akavunja mguu wa kigoda chake cha zamani akanipa. Nilikaa uani kwake, yeye akahamishia cherehani nje, akawa anashona na kunisahihisha. "Mabega hayo ni yako, si ya Yeremia. Punguza." "Shingo aliilaza kushoto, alianguka mtini utotoni, umesahau?" Nilikuwa nimesahau. Yule aliyekwenda Denmaki shingo yake imenyooka. Kwa hiyo usimlilie sana huyo, mwanangu. Hakuwa yeye barabara.

Siku ya tatu nikamaliza. Alimshika kiganjani, akamgeuza, akapitisha kidole kwenye uso. Akasema, "Ndiye." Nikageuka nikatazama barabarani mpaka akamaliza.

Kisha akanirudishia. Akasema, "Mshushe mzigo."

Nikamwambia nikiiondoa cherehani mikono itabaki juu haishiki kitu, na mti ukishakatwa hauungi. Akasema anajua. Nikachukua patasi ndogo. Ilitoka kwa mapigo mawili. Nikasawazisha kofia kwa msasa.

Mwambie Bwana Osvald ishirini na wanane wake sitawachonga. Usimpe sababu, sababu ataiweka kabatini nayo. Akitaka wapishi nitampa wapishi. Akitaka waliovua viatu nitampa, hao niliwaona wengi.

Mama yako amemweka dirishani, upande wa barabara. Siku niliyokuwa naaga, jirani yake Evodia alipita kuchukua gauni, akamwona akauliza huyu askari anajisalimisha kwa nani, mbona kainua mikono na huku anacheka. Nilitaka kujibu. Mama yako akanitangulia, bila kuinua kichwa kwenye kushona kwake.

Akasema, "Hajisalimishi. Ametua mzigo, ila mikono bado haijajua."

Baba yako mdogo,
Anselm